Vikaratasi vya Mama Kanuni

Bungeni walimwita Mama Kanuni. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kwenye meza ya makatibu, chini kidogo ya kiti cha Spika, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake ukumbini. Kazi yake ilikuwa kuandika. Mbunge akizusha jambo lenye utata, Mama Kanuni aliandika ushauri kwenye kikaratasi, akakikunja mara mbili, akageuka na kumpandishia Spika. Spika alisoma, akakohoa, akatoa uamuzi kana kwamba ameuwaza mwenyewe tangu asubuhi. Kikao kikiisha, vikaratasi vyote vilisagwa kwenye mashine mbele ya macho yake.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu astaafu. Kiti chake kilikuwa kinamsubiri naibu wake, mwanamume mpole wa miaka arobaini na kitu, mwenye maneno machache na suti mbili, aliyekaa kushoto kwake kwa miaka saba. Kilichobaki ilikuwa kamati ya ajira ikutane tu na kumpitisha.

Basi mkutano mpya ukaanza, na siri zikaanza kuvuja.

Mara ya kwanza alidhani ni bahati mbaya. Alikuwa bado anaandika kwamba hoja ya kuahirisha mjadala haina watu wa kutosha kuiunga mkono, mara Mheshimiwa Pamba akasimama. Huyu aliitwa Pamba kwa sababu kabla ya siasa alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na mkutano ule ndio kwanza alikuwa amehamishiwa kiti cha mbele upande wa kushoto. "Mheshimiwa Spika," akasema, "wenzangu wa kuniunga mkono hawa hapa, wasimame uwahesabu." Wakasimama. Kikaratasi kilikuwa bado mkononi mwa Mama Kanuni.

Ndani ya wiki hiyo ikatokea mara mbili tena. Spika akamwita ofisini, akafunga mlango mwenyewe. "Mama, mbona hawa watu wanajua unachoniambia kabla sijaambiwa mimi?" Mama Kanuni alitoka pale amevimba kwa hasira, akaanza kuwachunguza watu mmoja mmoja. Mhudumu wa chai akafutwa kwenye orodha, kwa kuwa hafiki mezani wakati wa kikao. Mpiga chapa naye hajawahi kukiona kikaratasi hata kimoja. Hesabu ikabaki ya mtu mmoja, na Mama Kanuni hakuipenda, lakini aliishika.

Wiki ya pili naibu mwenyewe akamrahisishia kazi. Ghafla alianza tabia mpya. Kila Mama Kanuni aliposhika kalamu, naibu alimsogelea, akainamia mezani, akasimamisha faili lake jeusi kubwa karibu na uso wa mkubwa wake utadhani anamkinga na jua. Ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi! Mama Kanuni alimtupia jicho la pembeni. Miaka saba hajawahi kuninusa shingoni, leo amepatwa na nini? Wiki hiyo hakikuvuja chochote, na hilo likamtia wasiwasi zaidi. Aliamini mwizi amejua anatazamwa, amejikunyata.

Akamtegea. Wiki ya tatu, Waziri akiwa anajibu maswali, Mama Kanuni alimgeukia naibu kwa sauti ya chini: "Hebu laza hilo faili, linanibana." Alitaka ayaone maandishi vizuri, asome mpaka ashibe. Naibu akasita, akamtazama kama mwenye neno, kisha akalilaza. Mama Kanuni akaandika taratibu: Kanuni ya sitini na nane inamzuia Waziri kuendelea. Ulikuwa uongo mtupu, kwa maana kanuni ya sitini na nane inahusu mavazi. Akakikunja kikaratasi, ila hakumpa Spika. Akakitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Kuhusu utaratibu!" Mheshimiwa Pamba alikuwa ameshasimama. "Kabla hujashauriwa vibaya, Mheshimiwa Spika, kanuni ya sitini na nane haimzuii Waziri hata kidogo!"

Wabunge walifunua vitabu vyao, wakakuta habari za kofia na viatu vya wazi, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Kanuni hakucheka. Kikaratasi kilikuwa kimeonwa na watu wawili tu duniani, na mmoja wao ni yeye.

Barua aliiandika mchana huohuo kwa Katibu wa Bunge, mkuu wao wote. Haikuwa ndefu. Alieleza mtego, akamalizia kwamba naibu wake hafai kuaminiwa na siri. Kesho yake naibu alipelekwa masjala, kule chini kunakohifadhiwa taarifa za mijadala, akangoje uamuzi wa kamati. Alikusanya vitu vyake bila kuuliza swali. Mtu asiye na hatia angepiga kelele, Mama Kanuni alijiambia, na akalala usingizi mzuri.

Usingizi huo haukudumu. Wiki ya nne, kiti cha kushoto kikiwa kitupu, mambo ndiyo yakaharibika kabisa. Pamba alikuwa akijibu ushauri hata haujafika nukta. Mama Kanuni akaanza kuitilia shaka kalamu. Akaikagua taa ya mezani, akapapasa chini ya meza, akamtazama hata Spika kwa jicho ambalo Spika hakulipenda.

Jumamosi mchana alikwenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa maneno mengi na utani usiopumzika. Televisheni ilikuwa ikirudia kikao cha wiki.

"Wifi," mwenyeji wake akasema huku akimenya vitunguu, "hivi wanakulipa kwa kuongea peke yako?"

"Naongea saa ngapi? Mimi bungeni ni bubu."

"Bubu gani wewe! Si huyo hapo, unaandika huku midomo inakwenda. Haya, sikiliza: 'Mkatalie, muda wa hoja umepita.' Uongo?"

Mama Kanuni aligeukia televisheni. Hayo ndiyo maneno aliyoyaandika Alhamisi, moja baada ya jingine.

"Umejuaje?"

"Wifi, umesahau mimi nilikula ujana wangu kiwandani? Mashine zile zilivyokuwa zikinguruma, nani angesikia mtu? Tulikuwa tunasomana midomo toka mwanzo wa ukumbi mpaka mwisho. Umbea wote ulipita hivyo. Hata huyo Pamba wenu, alikuwa fundi wa mashine ya tatu, hakuna neno lililompita." Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Mwenzake alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

Jumatatu asubuhi aliingia kwa Katibu wa Bunge kuomba barua yake irudishwe. Katibu akatikisa kichwa. Kamati inakutana Ijumaa, barua imeshasajiliwa. Ikitakiwa kufutwa, aandike nyingine, aeleze kwa jina ni nani aliyevujisha. "Na itakaa kwenye jalada lako, mama. Ukistaafu, hiyo ndiyo itakuwa ya mwisho humo."

Akashuka masjala. Naibu alikuwa amepanda ngazi fupi, anapanga majuzuu ya mijadala ya zamani. Alishuka alipomwona, akamvutia kiti.

"Ulijua," Mama Kanuni alisema.

"Nilijua, mama. Ile wiki ya kwanza nilimwona Pamba hakutazami mkono, anakutazama mdomo."

"Ndiyo maana ya faili?"

"Ndiyo."

"Na usiniambie!"

"Ningeanzaje? Wewe ndiye uliyenifundisha kazi. Nikusimamie nikwambie mkubwa wangu, midomo yako inacheza?" Akajifuta vumbi mikononi. Sauti yake haikupanda, lakini ilitetemeka. "Umeandika kwamba sifai kuaminiwa na siri. Siri niliyokuwa naitunza ilikuwa yako. Ungeniuliza tu, mama. Miaka saba niko hapo kushoto. Ungeniuliza."

Mama Kanuni alikuwa amekuja na maneno ya msamaha aliyoyapanga njiani, na yote yakamtoka kichwani. Akafungua mkoba, akatoa karatasi na kalamu, akaegemea juzuu moja kubwa. Akaandika tarehe, kisha akasita na kuibana midomo yake kwa nguvu.

"Usiibane," naibu alisema. Alivuta ngazi, akaketi mbele yake. "Hii nataka niisome."

Mama Kanuni akaiachia. Aliandika kwamba siri zote za meza zilitoka kinywani mwake mwenyewe, na naibu wake alimtazama midomo neno kwa neno mpaka alipoweka sahihi.