Kibuyu cha Maji ya Bahari

Juzi nilimwona mjukuu wangu akipanga begi la safari ya shule kwenda Mombasa, nikahisi tena mkanda wa kibuyu ukinikata bega. Nilipokwenda mimi, baba alinibebesha kibuyu cha maziwa kilichonuka moshi na maziwa lala.

"Ujaze maji ya bahari, ng'ombe wapate chumvi," aliniagiza. "Na uchote upande wa juu, si chini watu wanakonawa miguu."

Kwetu Nakuru kila mto ulikuwa na juu na chini. Basi alasiri nzima nilitafuta upande wa juu wa bahari. Nyuma yangu wenzangu waliogelea na kupiga kelele, na mimi kila nilipofika nilimkuta mtu ananawa miguu.

Mwalimu alinifuata, akanishika sikio. "Bahari haina juu, wewe. Gari la moshi linatuacha."

Nikachota palepale, kwa hasira.

Nyumbani ng'ombe alinusa maji yale, akageuza uso. Baba alinusa kibuyu chake kilichoharibika, akanirudishia.

"Si nilikwambia uchote juu."