Alichokitafuta Shingoni Mwangu

Vipele vilipoingia wiki ya tatu, madam alinikataza kumbeba mtoto. Hakusema kwa ukali. Alisimama mlangoni mwa jikoni, mtoto kiunoni, akasema, "Pole, lakini usimguse kwanza. Mpaka tujue hiyo kitu ni nini."

Nikabaki kufua, kupiga deki na kuosha chupa za maziwa nikiwa nimevaa glavu. Kufua mtu yeyote angefua. Mimi niliajiriwa kwenye nyumba hiyo ya mtaa wa Spring Valley kwa ajili ya mtoto, na yaya asiyemgusa mtoto hakawii kupewa nauli ya kurudi kwao.

Vipele vilikuwa shingoni, vikateremka kifuani na kuingia ndani ya viwiko. Vikiwasha nilijikuna hadi ngozi ikatoa maji. Nilijua vilianza lini, ila sikumwambia mtu.

Alhamisi moja madam akaniambia, "Leo anti wa masaji akimaliza na mimi, atakuona na wewe. Nimeshamlipa."

Hapo nikaanza kushuku. Anti huyo alikuja kila Alhamisi kutoka Uthiru, na kitanda cha kukunja na mkoba wa mafuta. Kazi yangu ilikuwa kumpikia chai. Madam alilala kwenye kile kitanda saa nzima, akaamka uso umelegea. Lakini mwajiri gani humlipia yaya masaji? Na jana yake tu nilikuta kikombe changu kimetengwa, kiko peke yake kwenye rafu ya chini.

Nilipanda kitandani nimejifunga leso mpaka kwapani. Anti akanifunika macho kwa kitambaa.

"Umekaza mabega kama umebeba gunia la mahindi," alisema. "Pumua, mami. Sijakuja kukuibia shingo."

Sikucheka. Akaweka vidole kwenye mabonde mawili yaliyo chini ya shingo, akaisogeza ngozi polepole, kama mtu anayepangusa vumbi juu ya yai. Hiyo kwangu haikuwa kukanda. Kwetu magharibi, mkandaji hukandamiza hadi ulie, na ukilia ndipo anajua amefika penye ugonjwa. Huyu hakubonyeza hata kidogo. Alipita nyuma ya masikio, akashuka kando ya shingo, akainua mkono wangu na kugusa kwapani.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mjomba wangu aliwahi kuguswa hivyo hivyo kwenye zahanati ya nyumbani: shingo, kwapa, kinena. Muuguzi alikuwa akitafuta tezi zilizovimba. Kabla mjomba hajaambiwa lolote, waliokuwa kwenye benchi la nje walikuwa wameshasema ni ukimwi na kumzika kwa midomo yao. Sasa madam naye alikuwa ameleta mtu wa kunipima bila mimi kujua kwamba napimwa.

"Unatafuta nini?" nikauliza. 

"Sitafuti, nasukuma maji. Chini ya ngozi kuna maji yanapita, yanaitwa limfu. Hayana moyo wa kuyasukuma kama damu. Mtu akiwa na mawazo, halali, anajikuna, panavimba. Basi mimi nayaelekeza taratibu mpaka kwenye tezi. Nikikandamiza nitayazibia njia. Na penye kidonda sipiti, si unasikia nazunguka?"

"Na madam amekuambia uangalie nini?"

Vidole vikasimama. Nikajua jibu kabla hajalitoa.

"Ameniomba nikiona kitu nimwambie," alisema. "Mimi si daktari. Nikiona kitu, nitakuambia wewe. Ilianza lini hii?"

Sijui kwa nini nilimjibu. Labda kwa sababu sikuwa naona uso wake. "Wiki madam na mume wake walipoweka kamera ya kunichunga juu ya kitanda cha mtoto. Hawakuniambia. Niliiona nikiwa namwimbia."

 Aliendelea, shingo mpaka bega, shingo mpaka bega, na katikati ya kumshuku nikapitiwa na usingizi. Ulikuwa usingizi wa kwanza usio na kujikuna kwa siku nyingi. Mpaka leo sijui kama ni mikono yake iliyonituliza au ni kule kusema.

Niliamshwa na sauti zao jikoni.

"Umeona nini?" madam aliuliza.

"Nimeona msichana amechoka."

"Unajua vizuri naulizia nini."

"Hilo ni la daktari. Na daktari atamwambia yeye. Si mimi, wala si wewe."

"Anakaa na mtoto wangu!"

"Basi mpe ruhusa aende akaonwe, badala ya kunituma mimi na mafuta yangu."

Asubuhi yake madam alinipa ruhusa, nikashuka mjini, kwenye kliniki ya ngozi iliyo ghorofa ya nne. Daktari aliangalia shingo na viwiko, akauliza maswali mengi, akasema ni ukurutu, unachochewa na wasiwasi, na hauambukizi. Akanipa dawa ya kupaka. Akasema mikono ya yule anti haina ubaya ikiwa haigusi palipochubuka, ila dawa nisiiache. Nilimwomba aandike barua, na aiandike kwa Kiswahili.

Niliporudi nyumbani, madam alinyoosha mkono aipokee.

"Nitakusomea," nikasema.

Hakuwahi kunisikia nikikataa kitu. Nilisoma na kidole chini ya kila neno, polepole, na nilipojikwaa kwenye "hauambukizi" nilirudi nikalisoma tena.

"Ilikuwa tu kwa ajili ya mtoto," alisema.

"Najua," nikasema, ingawa sikuwa na hakika.

Akanipa mtoto. Alinikabidhi kwa mikono iliyonyooka, kama mtu anayempokeza mwenzake sufuria ya moto, na hakumwachilia mpaka nilipomvuta. Mtoto alinitazama kama mgeni. Kisha akashika kola yangu, niliyoifunga mpaka juu, akaanza kuvuta kifungo. Shingo ilikuwa haijapona. Madam alikuwa bado amesimama pale pale, akitazama. Nikamwacha mtoto akifungue.