Tulipopewa ndege mpya ya mizigo, nikaulizwa swali moja nikakosa jibu

Wakuu, salaam kutoka Mwanza. Haya yamenitokea mwenyewe, sijatia chumvi.

Niko kikosi cha ndege za mizigo. Kazi yangu ni kupanga mzigo ndani ya ndege ukae sawa. Aina ya ndege msiniulize, sitajibu.

Ile ya zamani nimeifanyia kazi miaka mingi. Ilipokuja mpya niliizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Nachungulia huku, nagusa kule. Mlango wa nyuma unashuka wenyewe, sisi tulizoea kuusukuma kwa mabega!

Sasa kila mpakiaji lazima afanye testi. Ukifeli, unahamishiwa stoo moja kwa moja. Wakuu, mimi stoo ningekufa kwa upweke. Napenda kuruka na mzigo wangu.

Siku ya testi mzigo ulikuwa magodoro ya hospitali na jenereta. Nikaamuru jenereta lisogezwe upande wa kulia kidogo, kama kawaida yetu.

Mkufunzi, mama mmoja mpole lakini macho makali, akauliza, "Kwa nini upande huo?"

"Ndiyo utaratibu wetu, afande."

"Sawa. Kwa nini?"

Nikarudia yale yale. Akasimamisha testi, akasema nirudi kesho na jibu.

Nikampigia mzee aliyenifundisha kazi, siku hizi amestaafu, anafuga ng'ombe kule Bujora. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza.

Akacheka. "Baba, hata mimi niliukuta hivyo hivyo. Sikuuliza."

Hapo udadisi ukanipanda kuliko hata hofu. Nikamfuata rubani wa ile ndege ya zamani.

"Ile si ilikuwa inavuta kushoto?" akasema. "Iliwahi kubadilishwa bawa, haikukaa sawa tena. Mkiweka kizito upande wa kulia, mimi napumzika mkono. Nilidhani mnajua!"

Wakuu, nilichoka. Kumbe miaka yote tulikuwa tunabembeleza kilema cha ndege moja, tukaita utaratibu. Na nilikuwa nakihamishia kwenye ndege nzima isiyo na kosa lolote.

Kesho yake nikamweleza mkufunzi yote. Akauliza, "Na hii mpya inavuta wapi?"

Nikataka kubuni. Ulimi ukakataa.

"Sijui, afande. Lakini jenereta naliweka katikati, halafu naomba niruke nayo nijue."

Hakunisifu wala nini. Alinipa vifaa vya masikioni, akaonyesha kiti cha nyuma. "Panda."

Tulipoipita Sengerema nilikuwa bado natabasamu peke yangu. Rubani alishaniambia kwenye vile vifaa vya masikioni: haivuti popote.

Nilichojifunza: mazoea yana taabu, na chombo kipya usikiendee na majibu ya cha zamani. Kiulize upya.

Haya, zamu yenu. Kazini kwenu kuna "utaratibu" gani ambao kila mtu anaufuata na hakuna anayejua ulianzia wapi? Na je, umewahi kuuliza?