Maji ya Shimo la Tofali

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sululu. Mzee Nankonda, Fundi Mkuu wa visima pale Ruponda, alinipa ndoo moja ya maji asubuhi akaniambia, "Hii ndiyo yako mpaka jua lizame. Unywe, upikie, uoshee vyombo, uoge." Nikaona ananitania. Kabla ya jua kupanda sawasawa nilikuwa nimenawa, nimesukutua, na ndoo imebaki nusu. Jioni nililala na vumbi lote mwilini, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, anayemwaga maji hafai kuyatafuta. Kesho utajifunza kuoga."

Nilijifunza. Maji ya kuoshea mchele yanaosha sufuria, ya sufuria yanamwagiliwa mpapai. Maji ya kuoga unasimama ndani ya beseni, yakibaki yanafagilia choo. Mimi nimeishia darasa la nne, kwa hiyo shule yangu nyingine ni hiyo.

Nyie mnaofungua koki mkiwa mnaongea na simu, nitawaeleza kazi yetu ilivyokuwa. Kisima tulichimba kwa mikono, watu wawili. Mtu wa chini anachimba na kujaza ndoo. Mtu wa juu anavuta udongo kwa kamba na kuangalia mdomo, yaani pale juu kisima kinapoanzia. Mkubwa wa kazi ni wa juu, maana wa chini haoni kinachokuja. Tukikuta mchanga tunashusha pete, zile duara kubwa za zege, zikinge ukuta usimeguke. Kijiji kisipokuwa na pete, ukuta unabaki mtupu. Hapo unategemea udongo mgumu na mizizi ya miti.

Ndiyo maana Fundi Mkuu alikuwa mkali kuhusu mdomo. Mkuyu ulio karibu na kisima haukatwi. Mdomoni hakufuliwi, hakulowekwi mihogo, hakuogeshwi mtoto. Maji yakishapanda yaende nyumbani. Alikuwa akisema, "Maji yakirudi chini kwa njia isiyo yake, yanarudi na ukuta." Akina mama walimwita mzee wa gubu. Kuna mmoja alimuuliza, "Baba, na machozi tukalilie nyumbani?" Akamjibu, "Ukiweza, mama, utakuwa umenisaidia."

Kutoka Ruponda tulichimba vitongoji vya pembeni ya mji wa Nachingwea, halafu Mbwemkuru kwa miaka mingi. Fundi Mkuu alipozeeka akarudi kwao, uongozi ukawa wangu. Nikamchukua Bakari Mtenda, mume wa dada yangu Zuhura. Mtu mfupi, mcheshi, chini anaimba. Akinyamaza najua amegonga jiwe.

Sasa nafika kwenye kijiji kimoja cha njia ya kwenda Nanganga. Kijiji sikitaji, kina watu wengi wema. Watu wawili nitawataja.

Tuliitwa kiangazi, ufuta umeshauzwa, kisima chao kisicho na pete kinatoa tope. Tuongeze kina. Nilipofika niliutafuta mkuyu niliouacha zamani, tulipokichimba na Fundi Mkuu, nikakuta kisiki. Umeingia kwenye tanuru la tofali. Na pale kisimani penyewe, ukitupa jiwe bila nguvu linafika, kulikuwa na shimo pana limejaa maji, vijana wanakanyaga udongo humo na kufyatua tofali. Akina mama wanapanga foleni ya ndoo ya tope, tofali zinakunywa.

Mwenye tofali alikuwa Shaibu Namkoko, mnunuzi wa ufuta, anajenga nyumba ya kupangisha Ruangwa mjini. Aliyemruhusu ni Rajabu Chilumba, mwenyekiti wa kamati ya kisima.

Bakari alishuka asubuhi ile, akaimba kidogo, akanyamaza. Nikainama. "Jiwe?"

"Siyo jiwe, shemeji. Ukuta unatoa jasho."

Kutoa jasho ni unyevu kuonekana ukutani. Chini kabisa ni habari njema, maji yako karibu. Huyu aliuona juu ya kichwa chake, upande wa shimo la tofali. Nikamtoa hapohapo, nikamfuata Mwenyekiti.

"Mzee Chilumba, lile shimo likaushwe, na mahali pale papumzike mpaka ukuta ukauke. Bila hivyo hashuki mtu."

"Fundi, wewe unaogopa maji na kazi yako ni maji?"

"Naogopa maji yaliyosimama mahali pasipo pake."

"Kijiji kina kiu, wewe unaniletea hadithi za Nankonda."

Tulikaa bila kushuka. Akina mama walitusema sana, na sikuwalaumu, walikuwa wanatembea mpaka bondeni. Baadaye Namkoko akaja mwenyewe na pikipiki, anacheka.

"Mafundi, nimewasikia. Shimo nimelikausha. Tangu juzi halina hata tone. Kwa hiyo sasa mnakaa kwa raha zenu tu?"

Nikaenda kuangalia. Kweli, shimo lilikuwa kavu, udongo wa chini umeanza kupasuka. Nikamuuliza, "Maji yamekwenda wapi?"

"Akina mama wameyachota yote, wamemwagilia bustani."

Mwenyekiti alikuwa pembeni. "Yote," akasema. "Nimeona kwa macho yangu."

Bakari akashuka, akapapasa ukuta, akasema jasho lipo ila limepungua. Akaanza kuimba. Mchana kamba ya ndoo ikanasa kwenye mzizi katikati ya ukuta, Bakari haufikii, nikashuka kuinasua, akina mama watatu wakanishikia kamba ya kiunoni. Nilikuwa katikati, naona kofia ya Bakari. Akainua uso akaniambia, "Shemeji, umenenepa, unaniziba mwanga."

Ukuta wa upande wa tofali ulikuja wote kwa pamoja.

Mimi nilining'inia na kamba, mguu umebanwa, mpaka wale akina mama walipovuta na mfupa ukavunjika. Walinitoa. Bakari alitolewa kesho yake.

Ukweli niliambiwa na mmoja wa vijana wa tofali, nikiwa nimelazwa. Hakuna mama aliyechota hata kopo. Namkoko aliwaamuru wakate mfereji shimo limwagike. Upande wa pili, wa bondeni, alikuwa ameanika tofali mbichi, hakutaka zilowe. Kwa hiyo maji yote yakaelekezwa upande wa kisima, yakazama nyuma ya ukuta. Juu wakatandaza mchanga mkavu. Chilumba alikuwa amesimama pale anaangalia. Kikao cha kijiji kilisema ni ajali ya kazi. Mimi sisemi hivyo, na wote wawili wako hai, wakitaka waje tubishane.

Mguu haukurudi sawa, nikastaafu kabla ya umri wa kustaafu. Siku hizi wanachimba kwa mtambo, wanaweka pampu ya sola, vizuri sana. Lakini mdomo ni uleule. Nikipita kwenye bomba la kijiji naona dimbwi chini ya koki na bata wanaogelea. Nikisema, vijana wananijibu, "Mzee, relax, maji yapo." Hata pale kwenye kile kisima yalikuwepo. Kimefukiwa, na kando yake nimesikia wamepanda mikuyu. Wamechelewa, lakini wamepanda.

Zuhura nakaa naye uwanja mmoja. Ana ndoo zake, ana mpapai wake, wakwe zake wanamwona mchoyo wa maji. Mwaka huu msimu wa ufuta, gari la Namkoko liliharibika barabarani mbele ya nyumba yetu. Akaingia uani kuomba maji ya kunywa. Sidhani alitukumbuka. Nikashika fimbo yangu, Zuhura akanizuia kwa mkono. Akaenda kwenye mtungi, akamjazia kikombe, akampa kwa mikono miwili kama mgeni yeyote.

Namkoko akanywa nusu. Yaliyobaki akayatupa chini, akarudisha kikombe, akashukuru, akaenda kwenye gari lake.

Zuhura akabaki anatazama pale mchangani mpaka pakakauka.

"Kaka," akaniambia, "bado anamwaga."