Binti yangu analilia umbo la kitu kisichoonekana kwa macho, na mimi sijui hata pole yake inasemwaje

Habari zenu ndugu zangu mnaosoma hapa. Admin, jina langu lifiche, Ifakara tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika mnivumilie. Nauza mchele hapa mtaa wa Viwanja Sitini, mume wangu yuko shamba kule kijiji cha Mbingu. Mungu alitupa binti mmoja tu, ana miaka ishirini na tisa, anasomea udaktari Afrika Kusini, ule wa kusoma, siyo wa kutibu.

Alichokuwa anasomea nawaeleza kama alivyonieleza mwenyewe siku moja yuko likizo, tunapepeta mchele. Alisema, "Mama, kale kadudu ka taifodi kana ngozi mbili. Kwenye ngozi ya nje kuna kitu kidogo sana, protini, lakini siyo ile ya maharage. Kadudu kakipata shida, tuseme dawa imekagusa, hicho ndicho kinahisi kwanza. Kinapeleka habari ndani, kadudu kanajikaza, dawa inagonga mwamba."

Kina umbo kama mgono wa kuvulia samaki, vijiti vimesimama duara vimeshikana, katikati kumepita uzi. Kazi yake ilikuwa kujua ule uzi umekaaje humo ndani, maana ndio unaobeba habari. Hata darubini haikioni. Mpaka wakigandishe kiwe punje kama za chumvi, wazipige mionzi, ndipo umbo lijulikane. Na punje zilikuwa zinagoma. Nikamtania, "Si uende Malinyi ukawaulize wavuvi, wao mgono wanaujua!" Tulicheka mpaka ungo ukanidondoka.

Sasa mwezi uliopita kashuka kwenye basi na begi moja, hata simu hakupiga. Shikamoo yake ilikuwa ya chini mno. Nilipombana akasema, "Mama, wamenitangulia." Kumbe lile umbo alilolihangaikia miaka minne, kuna wenzake wa nchi nyingine wamelipata na wameshalitangaza.

"Wamekuibia?"

"Hawajaiba. Wamefika tu kabla yangu."

Mimi kwa akili yangu nikamwambia, sasa kama limejulikana si vizuri mwanangu, si dawa itapatikana? Aliniangalia kama nimempiga kofi. Tangu hapo chakula anakichokoa tu, anashinda amelala, amegeukia ukutani.

Nikaona nikaombe sala. Nikamwambia mama mwenyekiti wa jumuiya yetu kwamba binti yangu yuko kwenye majonzi, kapoteza kitu chake alichohangaika nacho siku nyingi, nikaona aibu kueleza zaidi, maana ningeanzia wapi? Kesho yake mchana nasikia "Tumsifu Yesu Kristo!" mlangoni. Wanawake wa jumuiya wamekuja na kuni, unga, ndoo za maji, kanga wamejifunga kiunoni. Wakatandika mikeka wakaanza rozari. Jamani, wamekuja msibani!

Binti kasikia, katoka, kasimama mlangoni. Mama mmoja akamshika mkono, "Pole sana mwanetu. Alikuwa na umri gani?"

Akajibu, "Miaka minne." Akarudi ndani.

Wale mama wakaangua kilio. Nami nikalia nao, nilishindwa kusema hakuna mtoto aliyekufa, maana uso wa mwanangu ulikuwa ni wa mfiwa kabisa. Sasa mtaa mzima unajua amezika mtoto ugenini, na wengine wanauliza baba yake alikuwa nani. Yeye hajanilaumu. Angenigombeza ningepata nafuu.

Juzi simu yangu ikaita, ni mwalimu wake, mama wa Kikenya. "Shikamoo mama, naomba umwambie arudi." Anasema kazi ya binti haijapotea. Wale wenzake wameona kile kitu kikiwa kimetulia, binti yangu alishaanza kukiona kinavyogeuka kikishapata shida, na hilo hakuna aliyelimaliza. Ila asiporudi kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi anapewa mwingine. Nilienda mbio kumwambia. Akanijibu amegeukia ukuta vilevile, "Mama, maneno hayo wanamwambia mtu ili asijinyonge."

Hilo neno limekaa kifuani mwangu kama mwiba wa samaki. Siku hizi akikawia bafuni namwita, nasingizia natafuta sabuni. Baba yake anasema, "Akae tulime mpunga, amesoma vya kutosha." Nimemwambia twende hospitali akaongee na mtu, anasema haumwi.

Jana akakaa, akanishika magoti. "Mama, mimi nguvu ya kuamua sina. Ukisema niende, naenda. Ukisema nikae, nakaa." Mimi! Mimi ambaye hicho kitu nakijua kwa mgono tu! Nikimpeleka, atakuwa peke yake kwenye chumba cha ugenini na mawazo yale, nani atamgongea mlango? Nikimzuia, huenda ndiyo nimemzika kweli, mikeka ile imepata haki yake.

Mwalimu atapiga tena Jumamosi. Nyie mliosoma, na nyie kina mama wenzangu ambao hamkusoma lakini mmezaa, niambieni: nikipokea hiyo simu, niseme nini?