Siku Bi Usiguse Alipogusa

Mahakamani walimwita Bi Usiguse, na hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake. Kila kilichopita mikononi mwake alikibandika karatasi yenye neno hilo moja: kabati la majalada, swichi ya feni, hata chupa ya chai ya makarani. Mumewe alikuwa akiapa kwamba siku akifa, mkewe atabandika karatasi kwenye sanda. Mwenyewe hakuona cha kuchekesha. Alilelewa na shangazi mkali, katika nyumba ambayo mtoto akivunja kikombe alilala na njaa, na huko ndiko alikojifunza kwamba asiyegusa havunji. Kwa hekima hiyo alifanya kazi ya ukarani miaka nenda miaka rudi bila barua hata moja ya onyo. Ni hekima nzuri, kwa vikombe.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya chumba cha mahakama, jasho likimtoka kwapani. Mahabusu walikuwa hawaletwi tena kwa gari. Walisikilizwa kwa video wakiwa huko huko gerezani, na video yenyewe ilipitia kwenye kikongwe hicho cha kompyuta, chenye mfumo wa zamani ambao hata waliouunda walishaachana nao. Kioo kilikuwa cheusi. Kesi iliyoitwa ni ya kijana mchomeleaji, aliyeshtakiwa kwa kuiba mashine ya kuchomelea katika karakana aliyofanyia kazi. Alikana tangu siku ya kwanza, na alikuwa na jirani wa kumtolea ushahidi. Lakini mara mbili alipangiwa kujitetea, mara mbili mtandao ukagoma, na mara mbili kesi ikaahirishwa yeye akiwa bado ndani.

Hakimu alitazama saa ya ukutani. "Karani, nakupa mpaka saa nne. Ikishindikana naahirisha, na nafasi ya karibu ni baada ya likizo ya mahakama."

Kwenye benchi la mbele, mama wa mshtakiwa aliinama kumwelekea karani. "Leo nitamwona mwanangu?"

"Utamwona, mama," Bi Usiguse akajibu, na papo hapo akajuta kuahidi kitu asichokuwa nacho.

Akatoka mlangoni kumpigia fundi wa mitandao.

"Usiguse kitu," fundi akasema. "Niko safarini. Nitapita wiki ijayo."

"Fundi, kuna mtu anaozea ndani!"

"Sasa mama, ukigusa ukaharibu, mimi simo." Akakata simu.

Bi Usiguse alirudi kitini akiwa na hasira, hasira ambayo hakuizoea. Aliutazama waya: umechomekwa, na kitaa chake kinawaka kijani. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya kompyuta. Akatembeza kipanya hadi kwenye mipangilio ya mtandao, mahali ambapo hakuwahi kufika, akaibonyeza kadi ya mtandao, yaani kile kifaa kinachoiunganisha kompyuta na waya. Dirisha dogo la kijivu likafunguka. Lilikuwa na namba zilizotenganishwa kwa nukta. Hiyo ndiyo anwani ya kompyuta. Bila anwani mtandao haujui iko wapi wala inaitwa nani. Hayo alimsikia fundi akiyasema siku moja huku akila karanga.

Akampigia mwenzake wa masjala, ambako kompyuta mpya ilifanya kazi bila shida. "Hebu nisomee namba zako."

Mwenzake akasoma. Mwanzo wa namba haukufanana kabisa na huu wa hapa.

Ndipo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamchoma. Ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao jengo zima, ilibadilishwa miezi michache nyuma. Kompyuta ya masjala ilikuwa imeachiwa kujipatia anwani yenyewe kutoka kwenye ruta yoyote iliyopo. Hiki kikongwe kiliandikiwa yake kwa mkono zamani, nacho kiliendelea kuishikilia, kama mtu aliyehama lakini bado anawaelekeza wageni kwenye nyumba aliyoitoka. Kumbe siku zote zile mchomeleaji alizozidi kulala gerezani sababu yake ilikuwa hapa, katika kidirisha kisichozidi kiganja, na yeye alikaa pembeni yake mikono mapajani!

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alinakili namba za zamani kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, endapo atalazimika kuzirudisha, kisha akachagua kompyuta ijipatie anwani yenyewe, akakubali. Kioo kilibaki cheusi. Akajikunyata kama mtoto aliyesikia kikombe kikianguka jikoni.

"Dakika mbili, karani," hakimu akasema.

Akaibonyeza tena ile kadi. Kulikuwa na neno la kuizima. Akaizima, picha yake ikawa ya kijivu kama majivu. Akahesabu pumzi chache, akaiwasha. Picha ikarudi rangi, namba mpya zikajiandika, mwanzo wake sawasawa na zile za masjala. Kioo kikapepesa, na chumba cha gerezani kikatokea: ukuta, askari magereza, na mchomeleaji, amekonda hadi shingo inaogelea kwenye kola.

Mama yake aliziba mdomo kwa mikono miwili. Bi Usiguse naye alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Mshtakiwa," hakimu akasema, "leo ni siku yako ya kujitetea. Uko tayari?"

"Mheshimiwa, sijitetei tena." Sauti ilikuwa ya mtu aliyeishiwa. "Nimengoja, nimechoka. Wenzangu humu wanasema nikikubali nitapunguziwa adhabu. Kwa hiyo mheshimiwa, mimi naku..."

Kioo kikawa cheusi.

Mkono wa Bi Usiguse ulikuwa juu ya kipanya. Hakuna aliyemwambia azime kadi. Hata yeye hakujiambia. Barua ya onyo haikumjia akilini. Kilichomjia ni kufukuzwa, na pengine naye kupelekwa huko huko kwenye ule ukuta.

"Karani, kuna nini?"

"Mtandao, mheshimiwa."

Mwendesha mashtaka alisimama. "Mheshimiwa, mshtakiwa alikuwa anakiri kosa!"

Hakimu alimtazama karani, kisha kipanya, kisha karani tena, kwa muda uliomtosha Bi Usiguse kutubu dhambi zake zote. "Mimi nimesikia nusu ya neno," akasema mwishowe, "na nusu ya neno siiandiki. Robo saa. Karani, wapigie gerezani kwa simu ya ofisini uwaambie mtandao umekatika. Na huyu mama akitaka kumsalimia mwanawe, sijui sheria inayomkataza."

Masjalani, mama aliushika mkono wa simu kwa mikono yake yote miwili. Alisikiliza kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Nimekusikia umechoka," akasema. "Nijibu moja tu, mimi mama yako. Ulichukua?"

Akasikiliza.

"Basi pumzika wewe. Kutochoka niachie mimi."

Robo saa ilipokwisha, Bi Usiguse aliwasha kadi. Hakimu akauliza swali lake upya, neno kwa neno. Chumba kizima kikangoja. Mchomeleaji akainua uso.

"Sikuchukua, mheshimiwa. Na shahidi wangu yuko hapo nje."