Mpira Ule Ulikuwa Nje

Nilipata nyumba Overport kwa kusema uongo mmoja tu. Kwa mtu anayetafuta nyumba Durban, hiyo ni rekodi ya uadilifu.

Nilikuwa nimetoka Kenya kuja kufundisha takwimu chuoni, na kwa wiki tatu nililala katika chumba cha wageni pamoja na kunguni waliokuwa wametangulia kuajiriwa. Mwenzangu mmoja wa idarani akanielekeza kwa mjane mmoja aliyekuwa na kijumba cha kupangisha nyuma ya nyumba yake. Alikuwa Mhindi, mzaliwa wa papa hapa, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, mwembamba, na sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa. Mtaa mzima ulimwita Anti, hata mafundi bomba waliomzidi umri.

Aliniuliza maswali matatu.

"Unavuta sigara?"

"Hapana, Anti."

"Una mwanamume?"

"Hapana," nikajibu, kwa kasi iliyoniumiza mwenyewe.

"Unacheza tenisi?"

Ukutani nyuma yake zilining'inia raketi mbili za mbao, kila moja imebanwa ndani ya fremu yenye skrubu nne ili unyevu wa Durban usiipinde. Nilizitazama. Kisha nikakitazama kile kijumba kupitia dirisha: bafu lenye maji moto, meza ya kusahihishia mitihani, na hakuna kunguni.

"Ndiyo," nikasema. "Shuleni. Kidogo." Akatungua moja akanipa niishike.

Ukweli ni kwamba shule yangu ya bweni ilikuwa na raketi moja ya mbao, iliyoachwa na masista wa Kizungu, na matroni aliitumia kuulia popo. Kwa hiyo kuhusu tenisi nilijua jambo moja tu: popo haponi.

Adhabu yangu ilianza Jumapili iliyofuata. Niliporudi kutoka kanisani nilimkuta Anti ameandaa chai na daftari nene lililobandikwa vipande vya magazeti. Humo walikuwemo wanawake wote waliowahi kulipwa kupiga mpira kwa kipande cha mti. Alinisomea habari zao kama padri asomavyo Waraka, na mimi niliitikia pale nilipodhani panafaa.

Nakiri kwamba yale magazeti yalinifunza mengi kuhusu mchezo. Mwandishi mmoja alitumia aya nne kueleza marinda, lesi na mkanda, na katika aya ya tano akakumbuka kutaja kwamba mvaaji alishinda. Mwingine alisikitika kwamba bingwa alikuwa na mkono wenye misuli. Sijui alitaka apige mpira kwa nyusi. Na bingwa huyo alipewa kikombe, shada la maua, na bahasha ambayo bingwa wa kiume angemwachia mhudumu wa hoteli.

"Na bado walicheza," Anti alisema. "Raketi nzito, nyuzi za utumbo wa mnyama, uso mdogo kama sahani ya kikombe. Ukiupiga mpira pembeni kidogo, mkono mzima unalia. Siku hizi wanacheza na vyandarua."

"Kweli kabisa," nikasema, kama mtu aliyewahi kulia mkono.

Nilimuuliza alizionea wapi mechi zenyewe, maana televisheni haikuwepo. Serikali ya wakati ule, iliyokuwa na ujasiri wa kutosha kuifukuza familia yake kutoka kitongoji cha Cato Manor pamoja na mashamba yao ya mboga, iliogopa kisanduku chenye picha.

"Moja niliiona kwa macho," akasema. "Juu ya kabeji."

Baba yake, baada ya kunyang'anywa shamba, alinunua lori bovu akawa anasambaza mboga. Mmoja wa wateja wake alikuwa klabu ya tenisi kule Berea, mtaa wa Wazungu, ambako watu wa rangi yake waliruhusiwa kuingiza kabeji lakini si kuingia wenyewe. Mwaka fulani walikuja wachezaji wa kulipwa kutoka ng'ambo. Baba akaliegesha lori karibu na mlango wa jikoni, akachukua muda mrefu usio wa kawaida kuhesabu karoti, na binti yake wa miaka kumi na tatu akapanda juu ya mzigo. Kutoka pale aliuona uwanja mzima, na mstari wa nyuma ulikuwa chini yake kabisa.

Walicheza wawili. Mmoja alikuwa nyota, picha yake imebandikwa mji mzima. Wa pili alikuwa msichana mpole ambaye, gazeti lilisema kwa masikitiko, alijishonea gauni mwenyewe. Yule mpole akaongoza. Akabakiza pointi moja tu ashinde. Nyota akapiga mpira mrefu, ukatua nyuma ya mstari.

"Upana wa kiganja," Anti alisema, akanionyesha kiganja. "Vumbi la chokaa halikuruka. Nikasubiri mwamuzi wa mstari apige kelele. Akanyamaza. Na kwenye tenisi, mwamuzi akinyamaza, mpira ni mzuri."

Mchezo ukaendelea, yule mpole akavunjika moyo, akashindwa. Hakurudi tena Durban. Anti alikuwa ameibeba hasira ile kwa zaidi ya miaka hamsini, na kwa kweli ilikuwa imehifadhiwa vizuri kuliko hata zile raketi.

Basi miezi ikapita, nami nikastarehe katika uongo wangu, mpaka Anti aliporudi kutoka duka la dawa na karatasi mkononi. Klabu ileile ya Berea ilikuwa inawaalika mashabiki wa enzi za raketi za mbao: chai, kumbukumbu, na mchezo mdogo wa wawili wawili kwa raketi za zamani.

"Nimetuandikisha," akasema. "Mimi na wewe."

Nilikwenda mjini siku hiyohiyo kumwona msusi wangu, Mrundi mwenye saluni ya viti viwili nyuma ya stendi ya taxi. Sikwenda kusuka. Nilikwenda kuungama, kwa sababu saluni ile ina siri nyingi kuliko kanisa langu na foleni yake ni fupi zaidi. Alicheka hadi mteja wake akalalamika kwamba anamvuta nywele.

"Eish, mwalimu. Njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako inaishia kwenye wavu."

"Nisaidie, dada. Nitasemaje?"

"Usiseme. Cheza. Mimi baba yangu alikuwa anafanya kazi kwenye klabu ya tenisi kule Bujumbura. Nilikuwa naokota mipira kwenye terrain, pale uwanjani, kila siku nikitoka shule." Akanipa brashi kubwa ya nywele. "Shika. Hivi, kama unamsalimia mtu. Hapana! Unamsalimia, humnyongi."

Nilifanya mazoezi ya brashi kwa siku kumi na nne. Sijawahi kuona brashi ikikosa mpira, kwa sababu mpira haukuwepo, na nikajiona nina kipaji.

Siku ilipofika Anti alivaa sketi nyeupe ya marinda na raba nyeupe alizozipaka chokaa. Pale klabuni tulipokelewa na mwenyekiti, mzee Mzungu mwenye koti la bluu na nembo kifuani, ambaye alimwuliza Anti kama amekuja na wahudumu wa chakula.

"Nimekuja kucheza," Anti akasema, akaingia bila kusubiri amalize kuwa mwekundu.

Kulikuwa na sandwichi za matango na watu kama thelathini wakikubaliana kwamba enzi zile zilikuwa nzuri. Niliambiwa hivyo mara nyingi, na watu ambao enzi zile zilikuwa zao. Mwenyekiti akagonga kikombe kwa kijiko, akaanza kusimulia mechi kubwa aliyowahi kuiona pale. Baada ya sentensi mbili niliutambua ule mchezo. Nikamtazama Anti. Alikuwa ameweka sandwichi chini.

"Pointi moja tu imebaki," mwenyekiti akasema, mikono hewani, "na nyota wetu anapiga mpira unaotua juu ya mstari, juu kabisa! Nilikuwa nimeketi safu ya tatu. Mpira mzuri kuliko yote niliyoiona maishani."

"Mpira ule ulikuwa nje," Anti akasema.

Watu wakageuka. Mwenyekiti akatabasamu kwa subira.

"Samahani, mama. Ulikuwa umeketi wapi?"

"Juu ya lori la mboga la baba yangu. Pale, mlangoni pa jikoni. Ninyi hamkuturuhusu kuketi."

Hakuna kinachowatesa watu waungwana kama kukumbushwa jambo wanalolijua. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwamba, kwa heshima zote, kutoka mbali namna ile, na kwa umri ule, macho ya mtoto...

"Ulikuwa nje."

Safari hii hakuwa Anti. Ilikuwa sauti ya bibi mmoja Mzungu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na birika la chai, blanketi magotini ingawa joto lilikuwa la kuchemsha mayai.

"Nilikuwa mimi kwenye ule mstari," akasema. "Mwamuzi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Niliuona. Upana wa kiganja."

"Lakini hukusema kitu," mwenyekiti akasema.

"Sikusema. Katibu wa klabu alikuwa ameketi nyuma yangu. Asubuhi alituambia watu wamekuja kumwona nyota akishinda, tusiwaharibie siku. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Kisha pointi iliyofuata ikaanza, na nikawa nimechelewa." Akamtazama Anti. "Nilimwona msichana juu ya lori. Alisimama akapunga mikono. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyejua. Kumbe tulikuwa wawili."

Nilitegemea Anti ashangilie. Nimeishi naye, mwanamke huyu husherehekea hata pale jirani anapokiri kwamba paka ni wake. Lakini alisimama tu, mikono imelegea, halafu akasema, "Nilipunga sana. Baba akanishusha kwa sikio, akiogopa kupoteza kazi."

"Nisamehe," yule bibi akasema.

Anti alivuta kiti akaketi kando yake. Sikusikia walichoongea. Nilichoona ni vichwa viwili vyenye mvi vimeinamiana, na mkono wa mmoja ukimchorea mwingine mstari mezani kwa chumvi. Anti alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha klabu chenye nembo, bila kuomba ruhusa. Na mimi, niliyemcheka kimoyomoyo Jumapili zote zile, nilijikuta natafuta kitambaa changu.

Mwenyekiti, kwa hekima kubwa ya viongozi, akatangaza kwamba sasa ni wakati wa kucheza.

Tulipangwa dhidi yake yeye na mkewe. Anti akasukuma kile kiti cha magurudumu mpaka kwenye mstari wa nyuma. "Leo useme," akamwambia bibi. Bibi akaitikia kwa kichwa kama askari aliyerudishiwa cheo.

Kisha nikapewa raketi. Ilikuwa nzito kama mchi. Nilimsalimia yule mtu asiyekuwepo, sikumnyonga, nikauona mpira unakuja, nikapiga kwa nguvu zote. Mpira ulipita zake kwa amani. Raketi nayo ikachomoka mkononi, ikaruka uzio mdogo, ikatua kwenye trei ya sandwichi za matango.

"NJE!" bibi akapiga kelele, kwa sauti ambayo ilikuwa imesubiri zaidi ya nusu karne.

Uwanja mzima ukacheka. Nilimwendea Anti, uso unaniwaka. "Anti, sijawahi kucheza tenisi. Hata siku moja. Nilidanganya nipate nyumba."

"Najua," akasema, akiokota mpira. "Siku ile ya kwanza nilikupa raketi uishike, ukatazama kwanza dari. Nani hutazama dari?"

"Kwa nini ukanipa nyumba?"

"Mpangaji aliyekutangulia alikuwa bingwa wa mkoa. Hakuwahi kunisikiliza hata dakika tano. Simama kule pembeni, usinizuie."

Akacheza peke yake dhidi ya wawili. Aliifunza raketi ile kukumbuka. Mpira ulitoka kwake chini na mkali, bila kelele. Hakushinda, maana goti lake la kulia lina miaka mingi kuliko yeye, na bibi wa mstari, kwa furaha ya kupata sauti, aliita "Nje!" kila mpira, hata ile mizuri ya Anti. Wakazozana mpaka jua likageuka.

Wiki mbili baadaye klabu ilimwandikia Anti barua nzuri sana, ikimkaribisha kuwa mwanachama wa heshima. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Alisema amezoea kuwa nje na hewa ya huku ni nzuri.

Sasa kila Jumamosi asubuhi tunakwenda kwenye uwanja wa manispaa, ule wenye wavu uliotoboka na nyasi zinazoota kwenye nyufa za sakafu. Mwana wa yule bibi wa mstari humleta kwa gari. Msusi wangu naye huja akipata nafasi kabla ya kufungua saluni. Anapiga sevu, ule mpira wa kuanzia, kali kuliko mtu yeyote niliyemwona, na hudai kwamba Anti anampendelea mwalimu kwa sababu mwalimu anakaa uani kwake.

Mwezi uliopita nilimshinda msusi pointi yangu ya kwanza. Alikuwa anajibu simu.